Nimeandikiwa vidonge vya majira ili nishike mimba, wifi kaviona, Jumamosi kuna kikao cha ukoo

BintiNzuguni (mleta uzi)

Wakuu habari za usiku. Uzi ni mrefu, wale wa "fupisha dada" piteni tu kimya kimya.

Mimi na mume wangu tuko mwaka wa saba wa ndoa. Mirija yangu ya uzazi yote miwili imeziba. Kipimo cha mirija nimepiga mara mbili kwa sababu majibu ya kwanza sikuyaamini. Mwaka jana tukauza kiwanja cha Nala, tukashuka Dar kufanya upandikizaji, yaani yai na mbegu vinakutanishwa maabara. Sindano za tumboni siku kumi na kitu, wakavuna mayai tisa, vikapatikana viinitete vinne vya maana, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa. Kimoja kikawekwa, hakikushika. Vitatu vimegandishwa. Mwezi huu ndiyo zamu ya cha pili.

Sasa kasheshe. Daktari kaniandikia kwanza vidonge vya majira. Ndiyo hivi hivi vya uzazi wa mpango, pakiti ya vidonge 28, vyeupe 21 na vya kahawia 7. Akasema meza vyeupe tu, tarehe fulani acha, hedhi ikija siku ya pili anza vidonge vingine vinaitwa estradioli valerati, miligramu 2, kutwa mara tatu. Sikuuliza kwa nini. Ukiwa mbele ya mtu uliyemlipa mamilioni unaona aibu kuuliza swali la kijinga.

Jumapili wifi yangu kaja kutoka Mvumi. Kaingia chumbani kuchukua kanga ya kufunga jikoni, kafungua droo. Wifi ni mhudumu wa afya wa kijiji, vidonge hivyo anavigawa yeye mwenyewe. Hakuniuliza neno. Kapiga picha. Jioni picha iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na maneno haya: "Kumbe miaka saba sisi tunagonga, mwenzetu kafunga mlango kwa ndani."

Mama mkwe kasoma, kakaa kimya. Mume yuko kazini Kigoma, anajua kila kitu, anachojibu ni "wataelewa tu". Kikao Jumamosi.

Naomba msaada kwa mawili. Kwanza, kwa nini mtu anayetafuta mtoto anywe dawa ya kuzuia mtoto? Pili, nimezunguka mjini hapa kutafuta hiyo estradioli valerati, duka la tatu kijana kaniambia hana, ila niendelee na vya majira tu kwa sababu "zote ni estrojeni, dada". Ni kweli?

---

Mtumba_Boy

Naweka kiti cha mbele. Wifi wa Mvumi apewe kazi ya upelelezi.

---

Jiwe la Ntyuka

Dada achana na makemikali ya Wazungu. Unga wa mlonge kijiko kimoja asubuhi, asali, maziwa ya mbuzi, miezi mitatu. Dada yangu kapata mapacha.

---

BintiNzuguni

Jiwe, mirija imeziba. Mlonge nimekula mpaka mti wa jirani umebaki vijiti.

---

FundiDawa

Mbukwenyi. Nimekaa nyuma ya kaunta ya dawa miaka mingi, sasa nimestaafu nalima zabibu Hombolo, kwa hiyo nina muda.

Nianze na swali la pili, hilo ndilo lenye hatari. Huyo kijana wa duka kakosea, na kosa lake lingekugharimu mzunguko mzima.

Estrojeni ni jina la ukoo wa homoni za kike, siyo la mtu mmoja. Ile inayotoka kwenye ovari zako, vile vifuko vya mayai, inaitwa estradioli. Ukiimeza kama ilivyo, utumbo na ini vinaishambulia, katika sehemu 100 ulizomeza kama 5 tu ndizo zinafika kwenye damu zikiwa nzima. Hilo liliwasumbua wanasayansi miaka ya 1930. Mwaka 1938 pale Berlin, Inhoffen na Hohlweg wa kampuni ya Schering wakachukua estradioli wakaichomekea kipande kidogo, kaboni mbili tu, kwenye ile kona wanayoiita namba 17. Kipande hicho kinaitwa ethinili. Ini likija na mkasi wake linakuta pale pa kukata pamezibwa. Basi ikapatikana ethinilestradioli, estrojeni ya kumeza isiyokufa njiani. Karibu nusu ya ulichomeza inafika, na inakaa mwilini saa nyingi. Ndiyo maana kidonge cha majira kinatosheka na mikrogramu 30, yaani miligramu 0.03, kitu ambacho ukikiweka kwenye ukucha hukioni.

Estradioli valerati nayo imetengenezwa kiwandani, ila ujanja wake ni mwingine. Wameibandika asidi ya valeriki, kama mtu aliyevaa koti la mvua. Ukimeza, utumbo na ini vinavua koti, inabaki estradioli ileile ya ovari. Kidonge cha miligramu 2 ukikitoa koti unabaki na estradioli kama miligramu 1.5. Kazi yake kwako ni moja: kunenepesha ukuta wa ndani wa kizazi ili kiinitete kipate pa kujishika.

Sasa shika hapa dada. Vile vyeupe 21 havina ethinilestradioli peke yake. Ndani yake kuna homoni ya pili, mara nyingi levonojestreli, ndugu wa kuundwa wa projesteroni, ile homoni ya mwili ya kutunza mimba. Huyo wa pili ndiye anayebana ukuta wa kizazi ubaki mwembamba. Ungemsikiliza kijana, ungefika kupimwa na ukuta mwembamba kama karatasi ya sigara, wakakwambia rudi nyumbani mwezi huu hakuna kitu.

Vya kahawia ni madini ya chuma tu. Daktari alikuwa sahihi kukwambia usivimeze, havina kazi kwenye mpango wake.

---

Mtumba_Boy

Mzee hizo si steroidi? Jamaa wa gym pale Area D anachoma steroidi na kifua kimekuwa kama kabati.

---

FundiDawa

Hahaha. Steroidi ni kiunzi, mkuu. Pete nne za kaboni zilizoshikana, zile za mwilini zinatengenezwa kutoka kwenye kolesteroli. Estradioli ni steroidi, testosteroni ya huyo jamaa yako ni steroidi, prednisoloni anayopewa mtu wa pumu ni steroidi. Gari zote zina chesisi, haina maana bajaji na lori la mafuta vinafanya kazi moja.

---

Sauti ya Kondoa

Mimi nilisoma mahali kuwa estrojeni za kutengeneza walipewa wajawazito Marekani watoto wao wakapata kansa. Dada kuwa makini, hawa wanatufanyia majaribio.

---

FundiDawa

Ulichosoma kilitokea kweli, ila si dawa hii. Ile iliitwa dietilistilbestroli. Ilitengenezwa Uingereza mwaka uleule 1938 na Charles Dodds, na haina hata zile pete nne, inaiga tu kazi ya estrojeni. Kuanzia miaka ya 1940 wajawazito walipewa wakidhani inazuia mimba kutoka. Mwaka 1971 madaktari wa Boston wakaona kansa ya uke ya aina adimu kwa mabinti ambao mama zao walimeza dawa ile, na mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani ikaonya isipewe wajawazito. Ni historia chungu na ni vizuri watu waijue. Lakini usimtishe dada na jinai ya mtu mwingine.

Ushahidi wa hii ya kwake ni wa zamani pia. Mwaka 1984 Melbourne, Australia, iliripotiwa habari ya mama ambaye ovari zake hazifanyi kazi kabisa. Akapewa yai la mwanamke mwingine, kizazi chake kikaandaliwa kwa estradioli valerati na projesteroni, akabeba, akajifungua. Ovari hazikuchangia chochote, homoni zilitoka kwenye dawa mpaka kondo la nyuma liliposhika kazi.

Naenda kumwagilia, swali la kwanza nitarudi.

---

MamaWawili_Kibaigwa

Mdogo wangu mimi yangu ilikuwa Clomid, dawa ya kupevusha mayai. Nilijinunulia mwenyewe kwa sababu shoga yangu alinyweshwa akapata. Mizunguko minne, mayai yanapevuka vizuri, mimba hakuna. Nilipoenda kwa daktari wa kweli akanipiga utrasaundi, akaniambia ukuta milimita 5. Kumbe Clomid inasukuma yai lakini kwenye kizazi na kwenye ute inaizuia estrojeni isifanye kazi. Akaniambia zamani walikuwa wanachomekea ethinilestradioli kidogo baada ya Clomid ili kuokoa ukuta, wengine inawasaidia wengine haiwasaidii. Mimi alinibadilishia nikapewa letrozoli, nayo ni ya kupevusha mayai. Sasa wawili wako shule.

Msinunue dawa za uzazi kwa kusikia kwa shoga. Shoga ana kizazi chake.

---

Mnyaturu Halisi

Watani zangu Wagogo leo mmekuwa maprofesa, mlenda umewapanda kichwani.

Serious kidogo jamani: mke wangu yuko kwenye dozi ya TB mwezi wa tatu na tulikuwa tumepanga kuanza habari hizi hizi. Kuna shida?

---

FundiDawa

Ipo, na nimefurahi umeuliza. Kwenye dozi ya TB kuna rifampisini. Hiyo inaliamsha ini lifanye kazi kupita kawaida, estrojeni inavunjwa haraka kuliko ilivyopangwa, iwe ya majira au ya kuandaa kizazi. Baadhi ya dawa za kifafa zinafanya hivyo hivyo, kama kabamazepini na fenitoini. Amalize TB kwanza. Na mwambieni daktari wa uzazi kwamba alikuwa na TB hata kama ilikuwa ya mapafu, kwa sababu TB ikishuka kwenye mirija na kizazi ni mojawapo ya vitu vinavyoziba na kuacha makovu.

---

Zabibu Kavu

Mtu aongelee damu kuganda tafadhali. Mimi nilikuwa kwenye vya majira vya kawaida, nikapanda basi Mwanza mpaka Dodoma, nimekaa dirishani sijanyanyuka. Kesho yake kigimbi cha mguu wa kushoto kimevimba, cha moto, ukibonyeza naruka. Nilidhani nimekaa vibaya. Nikapaka dawa ya mchuo siku mbili! Nilipofika hospitali daktari alinifokea kama mtoto, akasema donge lile lingepanda mapafuni nisingekuwa naandika hapa.

Dada wa Nzuguni, unapanda na kushuka Dar, nyanyuka utembee.

---

FundiDawa

Hapo pa kusisitiza. Ethinilestradioli, kwa vile ini haliivunji kirahisi, inakaa pale na kulichochea litengeneze zaidi vile vitu vinavyogandisha damu. Estradioli inachochea kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, lakini siyo sifuri, hasa dozi ikiwa kubwa. Aliyewahi kuwa na donge la damu, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, mwenye ugonjwa mkali wa ini, aliyewahi kuwa na kansa ya titi, mvuta sigara aliyevuka miaka 35: hao wamwambie daktari kabla hata ya kuulizwa. Kigimbi cha upande mmoja kikivimba, kifua kikibana, pumzi ikikata, usiandike kwenye uzi. Kimbia.

Sasa lile la kwanza, kwa nini vya majira. Ni kupanga kalenda. Ovari zinalazwa ili mwezi huo zisitoe yai lake zenyewe na kuvuruga hesabu, pia kupunguza uwezekano wa kuota uvimbe wa maji. Ukiacha vidonge, hedhi inakuja tarehe inayotabirika, kliniki inajua lini ikupime na lini iyeyushe kiinitete. Ni kama trafiki anayesimamisha magari ya upande mmoja ili msafara upite. Ukimwona amenyoosha mkono unaweza kudhani kazi yake ni kuzuia magari.

Ukiongea na wifi, usiongee kwa hasira. Yeye anachokijua kuhusu vidonge vile ni kweli tupu. Hajadanganya, kasoma nusu ya ukurasa.

---

Jiwe la Ntyuka

Mzee umeeleza vizuri, mlonge nautoa. Asali ibaki.

---

BintiNzuguni

Nimerudi. Kikao kimeisha saa 11 jioni, naandika nikiwa kitandani, mguu juu ya mto kwa heshima ya Zabibu Kavu.

Tulikaa kwenye mkeka chini ya mwembe kwa mama mkwe. Baba mdogo akafungua kwa sala ndefu ambayo ndani yake nilikuwa nimeshahukumiwa. Wifi akaombwa aeleze. Akaeleza. Kwa haki kabisa aliyoyasema yalikuwa sahihi kama mzee alivyosema, mpaka mikrogramu alizitaja.

Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea yote. Nikafungua pochi nikatoa pakiti, nikaiweka katikati ya mkeka. Vyeupe vimeisha, vya kahawia saba vipo vyote, hakijaguswa hata kimoja. Pembeni nikaweka karatasi ya daktari yenye tarehe, na risiti za kliniki, zile ambazo nilikuwa namficha hata mama yangu mzazi. Nikasema wifi, wewe ndiye mtaalamu hapa, mteja wako anayezuia mimba akimaliza vyeupe anafanya nini? Akasema anaendelea na vya kahawia, kisha anafungua pakiti mpya. Nikamwambia nitafutie pakiti ya pili kwenye hii nyumba yote, na droo unaijua.

Kimya. Kuku akapita juu ya risiti.

Nikawaeleza kama mlivyonieleza. Vile vya kwanza ni trafiki. Vya pili vinanenepesha ukuta. Baadaye, ukuta ukishanenepa, kuna projesteroni ya kuweka ukeni ili upokee kiinitete, hapo mashemeji wakaanza kuangalia mbuzi. Na nikawaambia kuwa Dar kuna watoto wetu watatu kwenye mtungi. Hilo hawakuwahi kulisikia. Mume wangu hakuwahi kuwaambia, alidhani watasema tumekwenda kwa waganga.

Baba mdogo akauliza bei. Nilipotaja akavua kofia.

Mama mkwe muda wote alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho. Mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Na hao waliogandishwa, mwanangu, hawasikii baridi?"

Watu wakacheka, mimi nikalia. Sijui kwa nini.

Wifi hajaomba msamaha. Ila picha kaifuta kwenye kundi, na wakati naondoka kanifungia karanga kwenye mfuko.

---

MamaWawili_Kibaigwa

Karanga za wifi ni msamaha huo, usidai wa maandishi.

---

Zabibu Kavu

Mama mkwe nimempenda bure.

---

BintiNzuguni

Mrejesho wa pili. Vidonge vya estradioli valerati nilitumiwa kutoka Dar kwa basi, nikavipokea stendi ya Nanenane, nikaanza siku ya pili ya hedhi. Siku ya 12 nikapima ukuta hapahapa Dodoma. Milimita 6.3. Kule wanataka 7 kwenda juu. Nililia kwenye bajaji mpaka dereva akazima redio.

Daktari kwa simu hakushtuka. Akaongeza dozi, akasema tupime tena baada ya siku nne. Matiti yanauma, kichwa kizito, tumbo limejaa gesi, nimemkaripia mtoto wa jirani kwa kosa la kucheka. Leo nimepimwa: milimita 8.1, na imeonekana mistari mitatu wanayoitaka. Kesho naanza projesteroni, siku ya sita yake kiinitete kinawekwa. Vidonge vya estradioli siachi, hata kipimo kikisoma chanya naendelea mpaka wiki ya kumi hivi au watakavyosema wao, kwa sababu mwezi huu ovari zangu zimelala na hazitengenezi kitu.

---

Kijana wa Bahi

Dada hongera. Naomba jina la hicho kidonge na duka, wife naye anatafuta, nikamchukulie kesho.

---

BintiNzuguni

Mdogo wangu, hapana. Mimi sikupewa dawa ya kupata mimba, nimepewa dawa ya kuandaa ukuta kwa sababu kiinitete kipo tayari Dar. Mkeo akimeza hii bila mpango inaweza hata kuvuruga yai lake mwenyewe lisipevuke. Mpeleke apimwe. Na wewe ukapime mbegu, ni kikopo kimoja na dakika kumi za aibu. Sisi tulianza kwa kunipima mimi peke yangu miaka miwili, tukapoteza muda.

---

Mtumba_Boy

Dakika kumi ni nyingi, mkuu wa Bahi usiogope.

---

FundiDawa

Milimita 8.1 ni nzuri, mwanangu. Ukishuka Dar, treni ya mwendokasi ni bora kuliko basi, unaweza kutembea kwenye behewa. Kunywa maji. Na lile swali la mama mkwe halikujibiwa humu: viinitete vinakaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika ubaridi huo hakuna kinachoendelea ndani ya seli, hata kuhisi hakupo. Hawasikii.

---

BintiNzuguni

Nimempigia nikamwambia, mama, nyuzi 196 chini ya sifuri, ila hawasikii baridi.

Kanyamaza kidogo, kisha kasema nisisahau kubeba blanketi.